Midomo ya Konda Ilitangulia Sauti

Dakika ya 6 ndiyo iliyoiua filamu hii ya klabu ya shule, iliyoonyeshwa kwenye mahafali, na muuaji si mpiga picha wala konda. Ni uamuzi uliofanyika kabla hata klipu ya kwanza haijaingia kwenye laptopu. Kijana wa kuhariri alitumwa Kariakoo, akarudi na flashi yenye Premiere ya kukreki, toleo la CS6, kwa sababu "ndiyo wanayotumia wakubwa". Laptopu yenyewe ina RAM ya GB 4. Kazi iliharibika siku hiyo. Ukumbini tulikwenda kushuhudia tu.

Mliokuwa kwenye mahafali mliona wenyewe. Mliorushiwa baadaye kwa WhatsApp mkadhani simu zenu zina matatizo: hazina. Konda wa Mbagala anaulizwa kwa nini anawaacha wanafunzi kituoni. Anaanza kujibu, na midomo na sauti vinakwenda sawia kabisa. Kisha vinaanza kuachana, kidogo kidogo, mpaka anapofika kwenye jibu lenyewe: kwamba jioni tajiri anataka hesabu yake kamili, na hesabu hiyo haiulizi ni viti vingapi vilikaliwa kwa nauli ya mwanafunzi. Hiyo ndiyo filamu nzima. Dakika tano za mwanzo zote zilikuwa zinatupeleka hapo. Na hapo hapo konda anafumba mdomo, anageuka kumtazama dereva, huku sauti yake ikiendelea kuongea peke yake. Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu aliyesema neno zito kuliko wote kwenye filamu akageuzwa kichekesho.

Likafuata kosa la kufunika kosa. Badala ya kurudi kwenye chanzo, mhariri aliikata sentensi ya mwisho katikati, akabandika mpito wa nyota inayofunguka na kipande cha Bongo Fleva juu yake. Mpito wa nyota! Nimelalamika hapa mara nyingi kuhusu video za harusi, mioyo inayopepea na kurasa zinazojikunja, na sina mpango wa kuacha. Kata kavu ingetuacha na uso wa konda. Nyota imetupa disko.

Kitaalamu, kilichotokea ni hiki. Simu ikisema inarekodi fremu 30 kwa sekunde haina maana kwamba inatoa 30 kila sekunde. Mwanga ukififia au simu ikipata joto, inapunguza. Mambo yakitulia, inapandisha. Kasi ya picha inayumba, sauti haiyumbi. CS6 ni ya mwaka 2012, na inaisoma klipu kana kwamba kila sekunde imebeba fremu zile zile. Piga hesabu: mahojiano ya dakika 5 yaliyorekodiwa kwa wastani wa fremu 29.8 yana fremu 8,940. Zichezeshe kwa 30, zinaisha kwenye sekunde ya 298, na sauti bado ina sekunde 2 za kusema. Ndiyo maana mwanzo wa klipu ni mzima na mwisho ni mgonjwa. Ndiyo maana pia kuisogeza sauti yote mbele au nyuma, kama inavyoonekana walijaribu, hakusaidii kitu: ukiponya mwisho unaumiza mwanzo.

Kwa nini hakugundua mapema? Uamuzi ule ule. Adobe, wenye Premiere yao, waliiwekea CS6 GB 4 kuwa kima cha chini, wakapendekeza 8. Kwenye kima cha chini programu inafunguka, basi. Picha inaganda, inaruka, sauti inakatika, na mhariri anazoea kuona midomo isiyolingana na maneno. Anajiambia itakaa sawa faili ikishatoka. Haikukaa.

Sasa tutazame vilivyokuwepo bila kutoa hata shilingi. Shotcut ni ya bure, haibandiki nembo kwenye kazi ya mtu, na ukiiingizia klipu ya kasi inayoyumba inakuonya na kukuuliza kama uigeuze kabla hujakata chochote. Kdenlive nayo inaonya. Asiyependa zote mbili angepitisha klipu HandBrake, akachagua kasi thabiti, akaenda kunywa chai. Kuhusu uwezo wa mashine, wenye Shotcut hawamfichi mtu: wanataka GB 4 kwa video za SD na GB 8 kwa HD. Kwa hiyo kwenye laptopu hii unawasha proksi. Programu inatengeneza nakala nyepesi za klipu, unakata kwenye nakala, na wakati wa kutoa filamu inarudi yenyewe kwenye faili halisi. Kijana angemwona konda akiongea vizuri, au angeona mapema kwamba haongei vizuri. Yote mawili yangetufaa.

Najua kuna mtu ameshaanza kuniandikia kuhusu DaVinci Resolve. Ukiwa na GB 16 na kadi ya picha inayoeleweka, nitaipigia debe mimi mwenyewe, maana toleo lake la bure linawashinda wengi wanaotoza. Kwenye laptopu hii ingegoma kabla ya klipu ya pili. CapCut kwa video ya dakika moja, sawa, ila vya bure vyake vinazidi kuhamia upande wa kulipia, na lile jina lake linalojibandika mwishoni mnasahau kulifuta kila mara.

Wakubwa wanaotengeneza programu nao wana lao. Mwaka 2013 Adobe walitangaza kwamba baada ya CS6 hakuna tena programu ya kununua ukabaki nayo. Ni kupanga kwa mwezi, na leo Premiere ni karibu dola 23 kila mwezi. Ndipo biashara ya flashi iliponenepa. Microsoft nao, Januari 2017, wakaiondoa Movie Maker, programu ambayo kizazi kizima kilijifunzia kukata na kuunga bila kumuomba fundi yeyote. Mbadala wake, Clipchamp waliyoinunua 2021, unataka intaneti. Mwambie hivyo mwanafunzi anayenunua bando kwa siku. Hili la Movie Maker sijawasamehe.

Na hilo neno "wakubwa" linaniudhi kuliko nyota. Wakubwa gani? Walter Murch aliihariri Cold Mountain ya 2003 kwa Final Cut Pro iliyouzwa chini ya dola 1,000, wakati studio kubwa zilikuwa zimekumbatia Avid. Thelma Schoonmaker, mhariri wa Martin Scorsese, aling'ang'ania Lightworks miaka yote wenzake walipokuwa wanaikimbia. Parasite, iliyotwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2020, ilihaririwa kwa Final Cut Pro 7, ambayo Apple walikuwa wameitelekeza tangu 2011. Hapa jirani, Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa kompyuta aliyoiunga mwenyewe kutokana na vipuri vya zamani, iliyojaa kiasi kwamba alilazimika kufuta filamu moja kupisha nyingine. Hao waliijua mashine yao inaweza nini na haiwezi nini, wakapanga kazi kuanzia hapo. Sisi tumeanza na jina la programu.

Picha za alfajiri kituoni ni safi, na binti anayesimulia ana sauti ya redio. Mengine nimeshayasema.

Ninachokihofia sasa ni tiba. Nasikia kamati ya wazazi inataka kuchangisha ili mwakani klabu iwe na Premiere halali. Ni zaidi ya shilingi 50,000 kila mwezi, ipakiwe kwenye laptopu ile ile ya GB 4, na mwezi usipolipwa kijana hafungui hata mradi wake mwenyewe. Toleo jipya linaijua kasi inayoyumba, sikatai, lakini linadai mashine nzito kuliko CS6. Mchango ukipatikana, wanunue kwanza kipande cha pili cha RAM. Kikibaki chochote, wanunue maikrofoni ya kubana kwenye kola, maana dakika ya 3 mama wa chapati hasikiki kwa honi, na kwa hilo hakuna programu ya kumsaidia. Klipu za konda bado ziko kwenye simu ya mpiga picha. Zipitishwe HandBrake wiki hii, kabla hajazifuta kupisha picha za mahafali.