Errno 5: kosa lililosingiziwa diski

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mafundi wanaletewa laptopu zisizo na ubaya wowote ila umri. Windows 11 inadai TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Mashine ya mwaka 2011 haina kimoja wala kingine, kwa hiyo mwenyewe akitaka kuendelea nayo huwekewa Linux Mint. Laptopu ninayoichambua hapa ilikuwa ya kundi hilo: Core i5 ya kizazi cha pili, RAM 4GB, diski ya 320GB.

Ilipowashwa kwa flashi, Mint ilifunguka bila tatizo. Wi-Fi ikashika, Firefox ikacheza video. Usakinishaji ulipoanza, faili zilinakiliwa hadi katikati, kisha kazi ikakatika: Errno 5, yaani data imeshindwa kusomwa au kuandikwa. Ushauri unaoambatana na kosa hilo ni wa enzi za CD: safisha sahani, ichome kwa kasi ndogo, futa lenzi, angalia kama diski kuu imezeeka, hamishia mashine penye ubaridi. Fundi aliyeishika kwanza aliisingizia diski kuu uzee. Akatoa diski, akafunga SSD mpya. Usakinishaji ukakatika palepale ulipokatika mwanzo.

Hapo ndipo uchunguzi ulipopaswa kuanza, kabla ya SSD kununuliwa. RAM mbovu au joto kali kwa kawaida hukatisha kazi leo hapa, kesho pale. Kazi inayokwama mahali pamoja kila mara, hata baada ya diski kubadilishwa, inaelekeza kidole kwenye chanzo kinachosomwa, yaani flashi.

Amri ya dmesg, inayoonyesha ujumbe wa keneli, ilitoa ushahidi. Diski ingekuwa mbovu, keneli ingeitaja kwa jina lake, sda, pamoja na namba ya sekta. Sda haikutajwa kabisa. Kilichojaa ni mistari ya SQUASHFS error. Squashfs ni mfumo wa faili uliobanwa, unaokaa kama faili moja kubwa ndani ya ISO (faili ya Mint iliyoandikwa kwenye flashi), nao ndio unaobeba karibu kila kitu cha Mint. Kila kipande kinachosomwa humo lazima kifumuliwe kwanza. Kikija takataka, hakifumuki, na keneli huijibu programu ya kusakinisha kwa Errno 5 ileile ambayo diski mbovu ingeileta. Flashi haikugoma kusomwa. Ilisomeka, ikatoa data ya uongo.

Mbona basi Mint ilifunguka? Kwa sababu mfumo unaoendeshwa kutoka kwenye flashi husoma kile tu kinachohitajika kwa wakati huo, wakati usakinishaji hunakili karibu kila faili, zikiwemo fonti za lugha ambazo mwenye laptopu hatazifungua maisha yake yote. Video ya Firefox haikuthibitisha lolote kuhusu sehemu za flashi ambazo hazijasomwa bado.

ISO yenyewe ilikuwa salama, maana SHA256 yake ililingana na iliyotangazwa na Mint. Ikabaki kuilinganisha na kilichoandikwa kwenye flashi, ambayo hapa ni sdb:

sudo cmp mint.iso /dev/sdb

Kabla ya amri hiyo flashi huchomolewa na kuchomekwa upya, la sivyo kompyuta inaweza kusoma nakala iliyobaki kwenye RAM na kukuambia mambo shwari. Flashi isiyo na kasoro husomwa hadi ISO iishe, na cmp huripoti tu kwamba mint.iso imefika mwisho. Kwa flashi hii, cmp ilitaja tofauti mara tu baada ya baiti bilioni 2, na ISO inakaribia bilioni 3. Ubishi ukaisha: sehemu ya flashi ilikuwa mbovu. Ilipokea kila kilichoandikwa bila kulalamika, lakini sehemu hiyo haikukitunza kilivyo.

ISO iliandikwa kwenye flashi nyingine, cmp ikafika mwisho wa faili, na Mint ikaingia. Diski ya zamani nayo ikapimwa kwa smartctl: sekta zilizohamishwa sifuri, zinazosubiri sifuri. SSD imebaki ndani, maana imeifanya mashine iwe nyepesi kweli, ingawa haikuwa dawa ya ugonjwa ulioletwa. Ile 320GB imefungwa kwenye kasha la USB na sasa inatunza picha za mwenyewe.