Sifa za Fundi Asiyefungua

Ukitaka kumjua fundi wa injini, hesabu nati alizoziacha zikiwa zimefungwa. Kanjanja akifika tu anatandika gunia na kulijaza vyuma, na mteja anafurahi kuona kazi inafanyika. Fundi ninayemsifu mimi anachukua muda mrefu akiwa hajashika hata spana.

Huku Lushoto utamwona zaidi kiangazi, wakati mabonde ya kabichi, karoti na hoho yanategemea pampu ndogo za petroli kupandisha maji kutoka mtoni. Nyingi zimeshazeeka. Zimepita mikono mitatu minne, rangi imebabuka, kamba ya kuwashia imeungwa kwa fundo. Siku pampu ikigoma, mwenye shamba huivuta mpaka bega linamuuma, kisha huifunga nyuma ya bodaboda na kuipeleka gereji huku miche inakauka.

Shuka Mombo, uende mpaka Pangani au Kigombe, utakuta wavuvi wana shida hiyo hiyo. Kwao ni injini ya boti, ile ya kuning'inizwa nyuma ya chombo, ambayo Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyekulia Marekani, alianza kuitengeneza kwa biashara mwaka 1909. Zile kongwe huchanganyiwa oili ndani ya petroli, wakati pampu yetu ina oili yake tumboni. Zaidi ya hapo ugomvi ni mmoja. Injini isiyowaka imekosa cheche, au mafuta yasiyo na kasoro, au mgandamizo ndani ya silinda, na kazi ya fundi ni kujua imekosa kipi bila kuvuruga viwili vilivyo salama. Nahodha mzoefu huanza na klipu ya kamba ya usalama, maana ikichomoka injini haiwaki hata uivute mpaka magharibi. Halafu anaminya pampu ya mkono kwenye bomba la petroli asikie kama inakaza. Hapo hajafungua kitu, na mara nyingi safari imeshaanza.

Fundi wa mlimani naye huanza kwa maswali. Anamwamkia mteja, anamuuliza habari za shamba, na ndani ya habari za shamba anachomeka anachokitaka. Mara ya mwisho ilizima yenyewe au uliizima, mama? Ilizima ghafla, au ilikohoa kwanza? Petroli umenunua lini, na umeiweka kwenye nini? Ikizima ghafla kama taa, anashuku umeme. Ikikohoa na kufifia, anashuku mafuta. Petroli iliyokaa kwenye tangi tangu masika huacha utando unaonata na kuziba jeti, tundu la kabureta ambalo halipitishi hata sindano ya kushonea. Iliyonunuliwa kwenye chupa kando ya barabara huenda ina maji. Anamimina kidogo kwenye chupa nyeupe na kuiacha itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo kama yamo yatajitenga chini, na mteja atayaona kwa macho yake.

Ndipo anaomba spana ya plagi. Hapa inafaa kumwangalia kwa karibu, kwa sababu plagi ndiye shahidi pekee aliyekuwa ndani ya silinda tukio lilipotokea. Anaifuta nje kwanza ili mchanga usidondoke tunduni, anaichomoa taratibu, anaigeuza kwenye mwanga, anainusa. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvutwa kote kule, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika ila haiungui. Ikiwa nyeusi ya masizi makavu, injini imekuwa ikila petroli nyingi kuliko hewa. Anaisogeza petroli mbali, anairudisha plagi kwenye kofia yake, anaegemeza chuma chake kwenye mwili wa injini na kuvuta kamba. Cheche ya bluu inayolia "ta!" ni nzuri. Ya rangi ya chungwa, nyembamba, inayosita, ni ya kutilia shaka. Mgandamizo anaupima kwa kidole gumba kwenye tundu la plagi: kikisukumwa nje kwa nguvu, ringi na vali bado zina uhai.

Yote hayo hayachukui muda wa kunywa chai, na hakuna nati ya kabureta iliyoguswa.

Mlima nao una mambo yake. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya Tanga. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani haijui hilo. Inatoa petroli ile ile kwa hewa iliyopungua, plagi inapata masizi, na asubuhi ya baridi mtu akifunga choki na kuvuta bila kipimo, silinda inafurika. Fundi anafungua choki, anaacha petroli ikauke, anavuta tena. Kuna pia malalamiko ya "pampu inawaka ila haileti maji". Pampu haivuti maji kwa ubavu wake, inaondoa hewa bombani na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji juu. Pwani uzito huo hauwezi kupita mita 10 na kidogo hata kwa hesabu ya darasani, na Lushoto hauvuki mita 9. Katika matumizi ya kweli toa tena mita mbili tatu. Kwa hiyo pampu iliyojaribiwa dukani Tanga ikasifiwa inaweza kushindwa na ukingo mrefu wa mto, na dawa ni kuisogeza karibu na maji. Nimeona watu wakiuziwa sili mpya kwa tatizo la mita moja.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mteremko. Injini nyingi za namna hii zina kifaa kidogo ndani ya oili ambacho hukata cheche oili ikipungua. Weka injini kwenye mteremko, na huku kwetu mahali tambarare pa kuiweka ni pa kutafuta, oili inakimbilia upande mmoja, kifaa kinaona kimeachwa kikavu, cheche inakatwa. Mwenye shamba anavuta, haiwaki. Anaipeleka gereji, inawekwa sakafuni, inawaka mvuto wa kwanza. Anarudi nayo shambani, haiwaki. Watu wameshawahi kutaja majirani zao kwa jambo hilo. Kanjanja akiligundua hukata waya wa kile kifaa, na pampu inawaka popote. Anasifiwa kijiji kizima mpaka siku oili itakapokwisha kweli na pistoni ikang'ang'ania kwenye silinda. Fundi wangu hufuata pampu hadi shambani, anaitazama ilivyokaa, anaangalia kijiti cha oili, anaongeza kama inahitaji, kisha anaokota jiwe bapa na kulisukuma chini ya mguu wa upande wa bondeni.

Injini kongwe, ya boti au ya pampu, inakubali kuhojiwa hivi, kwa pua, kidole gumba na sikio. Za kisasa zenye kompyuta husema makosa yao kwa kifaa maalumu tu, na mwenye kifaa yuko mjini. Sizichukii, zinakula petroli kidogo. Ila mtu wa Mlalo au Rangwi mwenye kiangazi mlangoni ana haki ya kupenda mashine anayoweza kuielewa mwenyewe.

Tatizo lililobaki ni malipo. Kwa plagi mpya mteja hulipa bila neno, kwa kuwa anaishika mkononi. Kwa jiwe chini ya mguu wa pampu hugoma kidogo.

"Mbona hujafungua kitu, fundi?"

"Ndiyo maana nakutoza kidogo, mama. Ningefungua ungelipa zaidi."

Wanavutana, wanakubaliana pesa kidogo na kabichi mbili, na fundi anapanda kilima na mfuko wake wa spana.