Dini na Vyama katika Wimbo wa Lawino

Wasomaji wengi wa Wimbo wa Lawino, na hata walimu wanaoufundisha, wamezoea kusema kwamba dhamira yake kuu ni ugomvi baina ya mila za Kiafrika na ustaarabu wa Kizungu. Hatukatai. Lakini utungo huu wa Okot p'Bitek, uliotolewa kwa Kiingereza mwaka 1966 na kufasiriwa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa, una jambo jingine ambalo darasani hupitiwa mbio mbio: uhasama wa Wakatoliki na Waprotestanti ndani ya vyama vya siasa vya Uganda.

Ocol, mume wa Lawino, ni kiongozi wa Democratic Party. Ndugu yake yumo katika Congress. Wamezaliwa nyumba moja, lakini chuki yao imekuwa kama ya koo zilizomwagiana damu bila kupatanishwa, na Lawino anakatazwa hata kutaniana na shemeji yake. Utani wa shemeji si mchezo mtupu. Ni kamba inayofunga ukoo. Hapo ndipo ustadi wa mshairi unapoonekana, kwani badala ya ghasia za mabarabarani ametuonyesha ua wa nyumba moja ambamo mazungumzo yamekoma.

Wanafunzi wakiulizwa kwa nini ndugu hawa wanachukiana, hujibu: kwa tamaa ya vyeo. Jibu hilo Lawino mwenyewe analitoa, nalo ni kweli, ila ni nusu. Nusu ya pili imo katika sura ya dini, ambamo dada yake anataabika kwa Waprotestanti ili apate jina la ubatizo, na Lawino anakimbia darasa la jioni la Wakatoliki kwa kuchoshwa na makelele ya maneno asiyoyaelewa. Sura hizo mbili hazina budi kusomwa pamoja. Jina lililopatikana kwa jasho misioni ndilo lililoamua mtoto asome shule gani, na mara nyingi shule hiyo ndiyo iliyomwonyesha, ukubwani, chama cha kukipigia kura.

Wamisionari wa Kianglikana walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877, na Mapadri Weupe wakafuata mwaka 1879. Mnamo Januari 1892 waumini wao walipigana Mengo, na bunduki ya Maxim ya Kapteni Lugard ikawapa Waprotestanti ushindi. Pande hizo ziliitwa Wafaransa na Waingereza. (Majina hayo mawili peke yake yanamtosha mwalimu wa lugha kipindi kizima.) Tangu hapo cheo cha Katikiro wa Buganda kilibaki mikononi mwa Waprotestanti. Democratic Party ilipoanzishwa mwaka 1954 ilibeba malalamiko ya Wakatoliki walionyimwa nafasi. Watu wakazigeuza herufi za DP kuwa Dini ya Papa, na UPC, iliyoundwa mwaka 1960, wakaiita chama cha Waprotestanti wa Canterbury. Dhihaka ile ya kwanza, tukumbuke, imetungwa kwa Kiswahili, lugha ambayo sisi wenyewe tunaisifu kila siku kwamba inaunganisha.

Hapa ndipo tunapomlaumu mshairi kidogo. Lawino anavicheka vyama vyote viwili kwa kicheko kimoja, na Ocol amechorwa kuwa mpumbavu mno hata malalamiko yake ya haki, kama anayo, hayasikiki. Msomaji kijana hutoka akidhani watu walichukiana kwa ujinga tu. Hali hiyo si ndogo kwa mwalimu ambaye madawati yake yamekaliwa na watoto wa misioni zote mbili, ambao nyumbani wamesikia kila mmoja upande wake.

Kwa hiyo tunapendekeza zoezi moja. Wanafunzi waandike mazungumzo ya Ocol na ndugu yake wanapokutana matangani, katika ua ule ule wa baba yao, Lawino akiwapakulia chakula. Mtoto wa Kikatoliki amwandikie ndugu mwanachama wa Congress, na wa Kiprotestanti amwandikie Ocol.