Sekunde 28: Siku Tatu za Kwanza na Gaggia Classic

Imefika! Iko juu ya meza ya jikoni, inameta kama sufuria ya sikukuu, na tangu juzi nyumba nzima inanukia kahawa. Nimekwisha kunywa vikombe vingi hata hesabu imenipotea, na bado natamani kingine. Ngoja niwasimulie kingali cha moto.

Hii ni Gaggia Classic, toleo la E24. Classic ya kwanza ilitoka mwaka 1991, na umbo lake halijabadilika sana: sanduku la chuma, swichi tatu, basi. Moja ya kuwasha, moja ya kutoa kahawa, moja ya mvuke. Hakuna kioo cha kubonyeza, hakuna menyu. Ukiushika mkono wake wa chujio unaujua uzito wa kazi: kipenyo ni milimita 58, saizi ileile ya mashine kubwa za hotelini, kwa hiyo vifaa vyake havisumbui kupatikana. Ndani, birika la kuchemshia sasa ni la shaba ya manjano badala ya alumini. Na habari tamu kuliko zote: presha imepangwa kiwandani kwenye baa 9. Matoleo ya zamani yalisukuma maji kwa nguvu kupita kiasi, na wapenzi wa mashine hii walikuwa wakinunua springi ndogo na kuibadilisha wenyewe ili washuke hadi tisa. Leo unaitoa kwenye boksi ikiwa tayari!

Jina lenyewe si la kubahatisha. Achille Gaggia wa Milan, Italia, alisajili uvumbuzi wake mwaka 1938, na baada ya Vita Kuu ya Pili akaleta mashine ya mkono na springi iliyosukuma maji ya moto kwa presha kubwa, wakati mashine za kabla yake zilitegemea mvuke. Juu ya kikombe likatokea povu la rangi ya dhahabu ambalo wanywaji hawakuwahi kuliona. Wakashangaa, naye akaliita krema ya kahawa. Povu hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta jikoni kwangu.

Kikombe cha kwanza! Nikapima gramu 18 za arabika ya Kilimanjaro, nikasaga, nikashindilia, nikaweka kikombe juu ya mizani na kubonyeza swichi. Kahawa ikamwagika kama maji ya bomba. Gramu 36 zikatimia kwa sekunde 11. Povu jeupe, jepesi, likayeyuka kabla sijanyanyua kikombe. Nikaonja: uchachu mtupu, kama ndimu iliyotiwa maji.

Sikugusa kingine chochote ila kisagio. Nikakirudisha nyuma alama kadhaa, unga ukawa laini zaidi. Kikombe cha pili kikatoka tone, tone, tone, sekunde 50 zikapita, na kikawa kichungu cha kukausha ulimi.

Basi nikasimama katikati ya alama hizo mbili. Gramu 18 zilezile, swichi ileile. Sekunde tano za kimya. Kisha mkondo mwembamba ukaanza kushuka, wa rangi ya kahawia iliyoiva, umejipinda kidogo. Waitalia huufananisha na mkia wa panya, na sasa najua kwa nini. Gramu 36, sekunde 28! Krema nene, madoadoa ya hudhurungi juu yake. Nikaonja, nikakaa chini. Kulikuwa na uchachu, lakini sasa wa zabibu, nyuma yake utamu wa sukari guru, na mwishoni uchungu mdogo wa kufungia safari.

Hapo ndipo nilipoielewa espresso. Maji yakipita kwenye unga, uchachu hutangulia kutoka, utamu hufuata, uchungu huja mwisho. Ukisaga kwa ukubwa, maji yanakimbia na uchachu peke yake. Ukisaga laini mno, yanakaa hadi yanachukua uchungu wote. Kazi yako ni kuyasimamisha pale utamu umekwisha kufika na uchungu haujatawala. Ndiyo maana nasema kwa moyo wangu wote: mashine ni nusu tu, nusu nyingine ni kisagio. Brenda haifai. Visu vyake hukata ovyo, punje moja vumbi, nyingine kokoto, na maji hayana adabu, hupita palipo rahisi. Changu ni cha kuzungusha kwa mkono, chenye meno ya chuma, na mkono ukichoka nafsi haichoki.

Mengine niliyojifunza ndani ya siku tatu ni haya. Tumia chujio la kawaida, uachane na lile la kuta mbili linalotengeneza povu kwa kulazimisha maji kwenye tundu dogo. Sawazisha unga kwanza, ndipo ushindilie, usawa ukiwa mbele ya nguvu. Iache mashine ipate moto dakika 15 au 20, mkono wa chujio ukiwa mahali pake, maana chuma baridi huiba joto la kahawa. Kisha mchezo wa taa ya kuonyesha joto: pitisha maji kidogo mpaka taa izime, subiri iwake tena, na papo hapo toa kahawa. Ukifanya hivyo kila mara, joto litakuwa karibu lilelile kila kikombe. Kahawa nayo, soma tarehe yake ya kukaangwa. Wiki moja au mbili baada ya moto ndipo inaponoga.

Siku ya pili mama alikuja. Mama amekulia mlimani, utoto wake wote akichuma kahawa na kuzungusha ile mashine ya kumenyea iliyokuwa nyuma ya nyumba. Nikamwamkia, nikamkaribisha, nikaweka kikombe mbele yake.

"Mwanangu, hii ni dawa? Mbona ndogo hivi?"

"Onja tu, mama."

Akaonja. Akakishusha, akakitazama, akakinyanyua tena.

"Umetia sukari?"

"Hapana, mama. Ni buni ya kwenu."

Akanyamaza kidogo. "Tuliichuma miaka yote hiyo," akasema, "na hatukujua ina utamu huu."

Siku ya tatu nikajaribu mchanganyiko: gramu 14 za arabika, gramu 4 za robusta ya Kagera. Krema ikawa nene hadi sukari ikakaa juu yake kabla ya kuzama! Ladha ikajaa kinywa, nzito, ya kiume, ikanikumbusha kahawa chungu ya barazani, ile ya kikombe kisicho na mkono na kipande cha kashata. Pwani tunaijua siku nyingi raha ya kahawa kali katika kikombe kidogo. Mashine hii imetuongezea mlango mwingine wa kuingilia.

Je, uinunue? Ukitaka kubonyeza kitufe na kuondoka, tafuta nyingine. Hii inataka mizani, saa na subira, na ukimaliza kuchemsha maziwa lazima upitishe maji ipoe kabla ya espresso nyingine. Bei yake si ya mchezo, kwa hiyo usimalize pesa zote hapo, tenga fungu zuri la kisagio. Lakini kama unaipenda kahawa kiasi cha kutaka kujua kwa nini kikombe cha jana kilikuwa kitamu kuliko cha leo, nunua. Nunua!

Mimi naishia hapa. Mama ameshauliza mara mbili kama taa imewaka.