Ishike Uizungushe: Namna ya Kupima Jenereta ya Kusukwa Nyumbani

Klipu hizo zinafanana zote. Kipande cha plaiwudi, diski kuukuu ya breki iliyopangwa sumaku, koili tisa zilizogandishwa kwa gundi, na balbu ya LED imesimama juu ya kibao. Diski inasukumwa kwa kidole kimoja, balbu inawaka, na sauti nyuma ya simu inashangilia: tazama ilivyo nyepesi! Kazi ya namna hii inasifiwa Madale na Goba, inasifiwa Mbagala, inasifiwa hata na watu waliopita chuo, na sifa yenyewe daima ni ile ile, kwamba inazunguka kirahisi. Anayesifu wepesi huo hajui anachokisifu. Jenereta iliyobeba mzigo ikabaki nyepesi haijawahi kuwepo. Ukiiona, ujue ama haitoi kitu, ama kuna betri mahali fulani chini ya ile plaiwudi. Jenereta njema ni nzito, na uzito huo una tabia zake ambazo mkono uliozoea huzisoma kabla mita haijatolewa mfukoni.

Kizazi kilichoendesha Phoenix na Raleigh usiku hakihitaji kusomeshwa jambo hili. Dinamo ya baiskeli zile ilikuwa ya volti 6 na wati 3, na ukiibana kwenye tairi magoti yalipata habari papo hapo. Sehemu ya uzito ule ilikuwa msuguano wa kigurudumu chake, nakubali, kwa hiyo tuuache msuguano pembeni. Mwaka 1834 Heinrich Lenz alitoa kanuni kwamba mkondo unaozaliwa na mwendo huupinga mwendo uliouzaa. Mwaka 1843 James Joule, mtoto wa mtengeneza bia wa Salford, alizungusha koili ndani ya maji katikati ya ncha za sumaku, akapima joto la maji na kazi ya mawe yaliyokuwa yakishuka kuiendesha, akakuta vinaendana. Na mwaka 1855 Léon Foucault aliweka sahani ya shaba izunguke kati ya ncha za sumaku ya umeme. Sumaku ikiwa imezimwa, sahani ilizunguka bila shida. Ikiwashwa, ilikuwa ngumu, na ukiilazimisha ilipata moto. Mhimili ulikuwa ule ule, msuguano ule ule. Kilichoongezeka ni mkondo ndani ya shaba. Kazi ya mkono ndiyo inayotoka upande wa pili ikiwa umeme au joto, na mkono usiposikia chochote hakuna kilichotoka.

Hapa ndipo wadanganyifu wanapopatia riziki. Mashine inayopendwa zaidi ni ile ya mota inayozungusha jenereta, na jenereta hiyo hiyo inailisha mota, kisha baki inawasha nyumba. Hesabu yake haihitaji maabara. Mota ikirudisha asilimia 80 ya kilichoingia, na jenereta asilimia 80 ya hicho, katika kila wati 100 zinarudi 64, na hapo balbu hata moja haijafungwa. Mchezo wenyewe ni mkongwe. Huko Philadelphia John Keely aliwakamua wawekezaji kwa miaka mingi akiwaonyesha mota ya nguvu za ajabu. Alipofariki mwaka 1898 maabara yake ilichunguzwa, wakakuta tufe kubwa la chuma chini ya sakafu na mabomba ya hewa yaliyofichwa. Leo tufe limekuwa betri ya lithiamu inayoingia ndani ya kiganja, ndiyo tofauti yote. Lakini hao si wa kunisumbua sana, maana tapeli hukamatwa siku moja. Wa kusumbua ni kijana mkweli aliyesuka vibaya, akapewa cheti, akaenda kuwafundisha wenzake.

Sasa jambo ambalo mgeni wa fani hii halitazami kamwe. Atahesabu sumaku, atauliza mizunguko ya koili, atasoma volti, ataondoka. Hataomba kuizungusha ikiwa imepigwa shoti. Fundi huanza na hilo. Chukua mikia yote mitatu ya stata kabla haijafika kwenye daiodi, kwa sababu daiodi hula volti za mwanzo na kwa mwendo wa polepole mkono hautasikia kitu. Iache wazi, zungusha. Koili zisizo na kora ya chuma zinapaswa kwenda kama mhimili mtupu, bila kigugumizi. Kisha ipige shoti mikia yote mitatu pamoja, uzungushe tena kwa mwendo ule ule. Kama kazi ni njema, mkono utakutana na kitu kizito na laini, mithili ya mwiko ndani ya ugali unaoanza kushika: kadiri unavyoharakisha ndivyo unavyokatazwa, na ukiachia inasimama mara moja bila kuyumba. Kama uzito unakuja na kuondoka kwa mawimbi, mawili kwa kila jozi ya ncha za sumaku, fezi hazilingani. Mara nyingi chanzo ni koili moja iliyoungwa kinyume. Fezi yenye koili tatu ikigeuzwa moja inabaki na theluthi ya volti yake, na mwenyewe hajui kwa sababu alipima fezi mbili zilizo nzima akaridhika. Kama hakuna tofauti kati ya wazi na shoti, rudisha kitambaa juu ya mashine, mshukuru mwenyeji, omba maji ya kunywa.

Kuna anayejibu kwamba jenereta yake ni nzito hata ikiwa wazi, hivyo ni bora zaidi. Hapana. Stata yenye meno ya chuma huvuta sumaku, na rota hukwama-kwama jino kwa jino. Huo ni mvuto wa sumaku na chuma, na hauwashi taa. Stata isiyo na chuma ikiwa nzito wakati mikia iko wazi ni ugonjwa kabisa: ama vanishi imechubuka na mizunguko inagusana ndani ya koili, ama imefungwa delta na mkondo unajizungukia wenyewe humo ndani. Uzito lazima uje unapoitwa. Kinachohesabiwa ni tofauti kati ya mara mbili zile, wazi na shoti, ndiyo maana mtu anayejaribu mara moja tu hajajaribu.

Jaribio hili lina heshima nyingine ambayo hata mafundi wazuri huisahau: halidanganywi na idadi ya mizunguko. Utasikia mwenye koili za mizunguko 400 akimdharau mwenye 80. Nafasi ya kuweka koili ni ile ile. Ukitaka kuongeza mizunguko mara mbili, itabidi waya uwe na eneo la mkato la nusu. Volti zitakuwa mara mbili, sawa. Lakini waya umerefuka mara mbili na mkato wake umepungua kwa nusu, kwa hiyo ukinzani umekuwa mara nne, na wati zinazoweza kutoka ni zile zile. Zipige shoti zote mbili: mkono hautajua ipi ni ya 400 na ipi ya 80. Mizunguko huchagua volti, basi. Wati zinatoka kwenye nguvu ya sumaku, wembamba wa nafasi kati ya sumaku na koili, na kilo za kopa zilizokaa mahali panapostahili.

Kwa kutolijua hilo, watu wanavutwa na tarakimu ya 220. Chukua pangaboi lililogeuzwa kuwa jenereta kwa kubandikwa sumaku, kazi inayopendwa sana kwa kuwa pangaboi bovu halikosekani. Waya wake ni mwembamba, mita inapanda haraka, na mwenyewe anatangaza kwamba ameipata volti ya TANESCO. Tuseme ni volti 220 kweli, zikiwa wazi, na ukinzani wa ndani ni omu 1,000. Kiasi kikubwa kabisa kinachoweza kutoka humo ni wati 12, na zikitoka, volti zimeshuka hadi 110 na wati nyingine 12 zinachemsha koili. Balbu ya LED ya wati 5 itawaka vizuri sana. Watu watapiga makofi. Pasi haitajua kama imechomekwa. William Kamkwamba wa Malawi, aliyesimamisha kinu chake cha upepo kijijini mwaka 2002, alitumia dinamo ya baiskeli akawasha balbu ndogo, wala hakumwambia mtu kwamba amepata umeme wa gridi. Ukweli ule ni nusu ya ufundi.

Mengine nayapitia haraka. Koili itazamwe vichwani, pale waya unapogeuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kopa iliyo vichwani iko nje ya sumaku, haizai kitu, inaongeza ukinzani tu. Koili yenye vichwa virefu vilivyotuna ni mshahara kwa mtu asiyefanya kazi. Tundu la katikati lilingane na sumaku, lisizidi. Sumaku za spika za redio zinafundishia, hazijengei: ferraiti ina takribani theluthi ya nguvu ya neodimiamu, na kwa kuwa uzito wa shoti unakwenda kwa mraba wa nguvu hiyo, theluthi inageuka sehemu moja ya tisa. Neodimiamu ya daraja la kawaida nayo isipitishwe joto la nyuzi 80. Na waya wenyewe ukwanguliwe kwa wembe kabla hujalipa. Sokoni kuna aluminiamu iliyopakwa vanishi ya rangi ya kopa, na ukinzani wake ni takribani mara 1.6 ya kopa halisi. Ndani yake ni nyeupe, na mkononi ni nyepesi. Kopa ina uzito zaidi ya mara tatu yake kwa ujazo ule ule. Muuzaji anayekukataza kukwangua ameshakujibu.

Kuna mambo nisiyoweza kuyathibitisha kwa omu wala kwa wati, na bado nayashikilia. Koili ifungwe kwa uzi wa pamba, si kwa tepu nyeusi. Maungio yachomwe kwa risasi, yasisokotwe. Mikia itoke upande mmoja, yenye urefu mmoja. Vanishi iingie mpaka ndani kabisa, ikauke polepole, na anayeiharakisha kwa moto wa mkaa asiitwe fundi. Wasuka mota wa zamani wa Gerezani, na waliotoka mikononi mwa walimu wa VETA Chang'ombe wakati wembe, uzi na rula vilikuwa ndiyo vifaa vyote, walilaza waya kwa waya kama wanapanga sala, na koili yao ungeweza kuikata katikati ukakuta safu hazijavuka. Siku hizi waya unarundikwa kwenye kibao kwa mashine ya kutobolea, kisha epoksi inamwagwa juu kuficha aibu. Rangi ya dhahabu juu ya stata siijadili.

Inasemwa kwamba ukali huu unawavunja moyo chipukizi. Lakini jaribio la shoti ni bure, halihitaji mita, na linamwonyesha chipukizi kosa lake jioni hiyo hiyo, wakati makofi yanamwacha nalo miaka. Kinachovunja moyo ni kupanda kilimani na mlingoti, kusubiri kusi, na kukuta betri ya volti 12 haijapanda hata kidogo. Inasemwa pia kwamba maonyesho ya Sabasaba na mashindano ya MAKISATU yanatafuta ubunifu, si usukaji. Basi na watoe zawadi ya ubunifu, halafu mtu mmoja mwenye mkono aruhusiwe kupita mezani kabla ya waandishi wa habari.

Pingamizi lenye uzito ni moja, na linatoka kwa wajenzi wenyewe wa vinu vya upepo. Wanasema jenereta yenye ukinzani mdogo mno huyabana mapanga: upepo wa kawaida ukija, betri inavuta mkondo mwingi, mapanga yanapungua mwendo kuliko yanavyotaka, na kinu kinasinzia juu ya mlingoti. Ni kweli tupu. Hugh Piggott wa Scoraig, Uskoti, ambaye mchoro wake wa diski mbili za sumaku na stata isiyo na chuma umenakiliwa dunia nzima, amelieleza tatizo hilo waziwazi. Lakini tazama dawa zake. Unaweza kupanua kidogo nafasi kati ya diski, au kuweka ukinzani njiani kati ya mlingoti na betri, ambako joto linapotea hewani badala ya kupikwa ndani ya epoksi. Hata waya mrefu wa kushukia kutoka juu hufanya sehemu ya kazi hiyo bila kuombwa. Mwenye jenereta nzito anapunguza kwa spana, asubuhi moja. Mwenye nyepesi hana cha kulegeza. Ukinzani umo ndani ya koili, na itambidi aivunje epoksi kwa patasi na kurudi Kariakoo kununua kopa upya kwa kilo.