Tuta la Reli ya Karanga: Njia ya Nani?

Ipo hoja inayosikika kila zinapozungumzwa barabara za vijijini: kwamba matuta ya reli zilizoachwa na mashamba makubwa ya kikoloni ni barabara zilizokwisha kujengwa, zinangoja changarawe tu. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli huweza kumpotosha kada.

Tutazame Reli ya Kusini. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Shabaha yake ilikuwa mafuta kwa Waingereza, siyo chakula kwa Mmwera au Mmakonde. Ili karanga za Nachingwea zifike pwani ikajengwa reli, na bandari mpya ya Mtwara ikafunguliwa mwaka 1954. Lakini mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kuvunjwa mwaka 1951! Reli ikakosa mzigo wa kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa.

Kilichobaki ni tuta, nalo ni mali. Mteremko wake ni wa taratibu, kona zake ni pana, na udongo wake ulibebwa na vibarua wa Kiafrika. Kuliacha limezwe na pori ni kulitupa jasho la wanyonge. Hapo wenye hoja wako sahihi.

Lakini wanauona udongo, hawauoni mpango. Reli ile ilichorwa kuunganisha shamba na bandari, siyo kijiji na kijiji, wala mkulima wa korosho na ghala la chama chake cha ushirika. Kuufuata mstari huo bila kuuliza ni kuendelea kumtii mpimaji wa kikoloni. Wanasahau ufundi pia: tuta la njia moja ni jembamba, magari mawili hayapishani mpaka lipanuliwe. Tena wanasahau watu. Pale ambapo wananchi wamelima au kujenga juu ya mkuza, kuwaondoa bila mkutano wa kijiji na bila fidia ni kuwanyang'anya mara ya pili.

Katika "Uhuru na Maendeleo", mwaka 1968, Mwalimu Nyerere alifundisha kwamba barabara ni nyenzo. Maendeleo ni ya watu. Basi kipimo ni hicho. Penye tuta linalopita kwenye mahitaji ya wananchi, tulitumie. Lisipopita, tuchepuke. Vijiji viamue njia kwanza, ndipo mhandisi aseme ni kipande gani cha tuta kitafaa.