Tusichanganye muda na wakati katika istilahi za kompyuta

MIONGONI mwetu tunaojishughulisha na istilahi za Kiswahili za kompyuta kuna mazoea ya kutafuta neno kwanza, kisha kuuliza baadaye neno hilo litafanya kazi gani. Tunapata istilahi zinazosikika vizuri lakini zinazompoteza anayezitumia. Wiki hii nahakiki mfano mmoja tu: jinsi tunavyokitaja kitendo cha programu kusubiri jambo huku ikiwa imewekewa kikomo.

Tuanze na kitendo chenyewe. Programu nyingi za leo hutenda kazi kadhaa kwa pamoja, na kila mkondo wa kazi huitwa uzi. Uzi mmoja unaweza kufika mahali usiweze kuendelea mpaka sharti fulani litimie, tuseme ujumbe uingie kutoka mtandaoni. Badala ya kuuliza kila mara kama ujumbe umefika, uzi huo hulala, na uzi mwingine huuamsha mambo yakiwa tayari. Chombo kinachotumiwa kulala na kuamshana hivyo naona tukiite kigeu cha sharti. Na kwa kuwa huenda ujumbe usije kabisa, uzi huwekewa kikomo: usipoamshwa kufikia hapo, uamke wenyewe.

Sasa kusubiri kwa namna hii tukuiteje? Ukimwuliza mwanafunzi wa kompyuta, aghalabu atakujibu 'kusubiri kwa muda'. Hebu tulipime jibu hilo. Tukiambiwa kuwa barabara imefungwa kwa muda, hakuna ajuaye itafunguliwa lini. 'Kwa muda' pasi na kutaja muda gani ni kitambo kisichojulikana, ilhali tunachokizungumzia hapa ni kikomo kinachojulikana barabara.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Katika muktadha huu muda ni urefu, nao hupimwa. Wakati ni nukta, nao hufika. Najua wapo wasemao 'muda umefika', na katika mazungumzo hakuna anayepotea. Kwenye programu, tofauti hiyo ndiyo hubainisha kama itafanya kazi au itakwama.

Chukua mtu aliyeambiwa amngoje mgeni kwa dakika 10. Dakika ya nane hodi inabishwa. Anafungua, kumbe ni jirani. Akirudi kuketi na kuanza kuhesabu dakika 10 upya, atakuwa amengoja dakika 18, na majirani wakizidi kubisha hodi atangoja hadi kesho. Lakini angeambiwa angoje hadi saa mbili na dakika 10, hodi zingebishwa mara 20 na kikomo kisisogee.

Nyuzi nazo hubishiwa hodi na majirani. Uzi unaweza kuamka bila sababu yoyote, au ukaamshwa ukakuta mwenzake ametangulia kuchukua kilichokuwa kikisubiriwa. Katika makala yake ya 1974, C. A. R. Hoare alitaka anayeamshwa apewe nafasi papo hapo, kabla ya mwingine kupenya. Butler Lampson na David Redell, wakieleza lugha ya Mesa mwaka 1980, walikuchukulia kuamshwa kuwa kidokezo tu: ukiamka, kagua sharti mwenyewe, na kama halijatimia ulale tena. Mtazamo huu wa pili ndio uliotawala. Ndiyo maana kiwango cha nyuzi cha POSIX cha mwaka 1995 kinaagiza kikomo kitolewe kama wakati, si kama muda. Lugha ya C++ ilipoingiza nyuzi mwaka 2011 ilitoa amri mbili tofauti, moja ya kusubiri kwa muda fulani na nyingine ya kusubiri hadi wakati fulani. Anayeziita zote mbili 'kusubiri kwa muda' amefuta tofauti ambayo wahandisi waliilinda kwa makusudi.

Je, Kiswahili kina uwezo wa kuilinda? Kinao, ila kuna mtego mmoja, nao ni neno 'saa'. 'Nisubiri saa moja' ina maana mbili: kaa hapo kwa dakika 60, au tukutane saa moja. Sikiliza basi jinsi watu wanavyojinasua mitaani. Akitaka urefu, mtu husema 'nilingoja lisaa limoja' au 'masaa mawili'. Akitaka nukta, husema 'nilifika saa mbili'. Hamwambii mwenzake 'tukutane masaa mawili'. Sisi walimu huyakata maneno hayo kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa 'saa' haibadiliki katika wingi. Sisemi yaandikwe kwenye mtihani. Nasema kwamba msemaji huyo tunayemsahihisha ameona pengo ambalo baadhi ya waundaji istilahi hawajaliona. Usanifu una njia zake za kuliziba: 'kwa muda wa saa mbili' na 'hadi saa mbili'.

Kuna jambo linalomgusa hata asiyejua programu. Ukituma pesa kwa simu na mtandao uwe mzito, huenda ukaletewa ujumbe: 'Muda umekwisha.' Wengi husoma hapo kwamba pesa hazikwenda, wakatuma tena, wakalipa mara mbili. Kumbe kilichokwisha ni subira ya simu tu. Malipo yenyewe yanaweza kuwa yamefanyika, hayajafanyika, au yanafanyika wakati huohuo unaposoma ujumbe. Hata uzi unaoamshwa na kikomo hutakiwa kukagua sharti mara moja zaidi kabla ya kukata tamaa, maana huenda limetimia dakika hiyohiyo ya mwisho. Programu imefunzwa tahadhari hiyo. Mteja ameachiwa maneno mawili yanayomsukuma kwenye hasara.

Pendekezo langu ni hili. Istilahi ya jumla iwe 'kusubiri kwenye kikomo'. Chini yake tuwe na 'kusubiri kwa muda wa' na 'kusubiri hadi', kila moja mahali pake. Na pale tulipozoea kuandika 'Muda umekwisha', tuandike 'Kikomo cha kusubiri kimefika. Matokeo bado hayajajulikana.' Ni maneno mengi zaidi kwenye kioo kidogo cha simu, nakubali. Lakini mwenye simu ataangalia salio lake kwanza kabla ya kubonyeza tena.